Mkono Mgongoni mwa Pasha

Kazi ya Keziah Pummell ilikuwa kutengeneza giza. Wanawake wenzake wa mtaa wa Camden, pale London, walifua nguo za watu au walishona glavu. Yeye kwa miaka kumi na sita alikaa kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya Bwana Thirkell, mchapaji wa picha, akitengeneza giza juu ya shaba.

Aliletewa bamba limesuguliwa likawa kama kioo. Akachukua chombo ambacho mafundi walikiita kibembea, chuma kipana chenye makali ya duara na meno madogo kama ya samaki, akakibembeza huku na huku, huku na huku, kama mama anayelaza mtoto. Kila yalipokanyaga, meno yaliacha vitundu kwenye shaba. Akimaliza bamba zima huligeuza kidogo na kuanza upya. Mgeuzo mmoja waliuita njia, na bamba la kazi nzuri lilitaka njia themanini. Likipakwa wino sasa, vitundu vyote hunywa wino, na karatasi ikitoka mtamboni ni nyeusi tititi, hata jicho halipati pa kushika. Ndipo Bwana Thirkell anapolichukua na kikwaruzo chake. Anapokwangua vitundu panakuwa kijivu, anapokwangua zaidi panakuwa peupe, na mnyama anajitokeza gizani polepole, pua kwanza, halafu macho.

Maana picha zilizouzwa pale nyingi zilikuwa za wanyama, na zaidi ya wote mbwa wa ikulu. Watu walizigombania. Muuza makaa ambaye hatamwona binti mfalme hata kwa mbali aliweza kumtundika mbwa wake ukutani, juu ya meko, akamwita kwa jina.

Mumewe Keziah alikufa kwa kifua. Watoto wanne walimfuata mmoja mmoja, akabaki na Tirzah peke yake, binti wa miaka kumi na saba. Ukishazika wanne, wa tano humwachi. Keziah alijua kikohozi cha Tirzah cha vumbi na kikohozi chake cha baridi. Alijua hatua zake kwenye ngazi. Walilala chumba kimoja juu ya karakana, na mchana Tirzah alikaa chumba cha mbele, akipaka rangi picha zilizochapwa, hudhurungi ile ile kwa mbwa yule yule, mara mia.

"Mama, mimi nitaoza hapa," alisema Tirzah. "Siku moja utanikuta nimegeuka sikio la mbwa."

"Oza hapa hapa nikuone," alijibu Keziah.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, ukungu umeshuka mpaka taa zinawashwa saa sita mchana, ilipoletwa karakana picha ya rangi ya Pasha. Pasha alikuwa mbwa mdogo mweusi wa masikio marefu, kifua cheupe, mali ya binti mfalme mmoja mzee aliyeishi na wanawake wake kwenye jumba upande wa pili wa bustani kuu. Mchoraji alimchora amekaa peke yake kwenye mto mwekundu, nyuma yake giza tupu.

"Huyu anakula kuku wa kuchemsha, mifupa imetolewa," alisema Jabez Nunn, mzee aliyezungusha mtambo wa kuchapia. "Mimi nikipata kichwa cha kondoo nashukuru Mungu. Nikifa nataka nirudi na mkia."

"Utarudi na viroboto tu, Jabez," alisema Keziah. "Hutaona tofauti."

Alibembeza bamba la Pasha kwa wiki saba. Kila njia alipoimaliza alichora mstari wa chaki ukutani, na hakulitoa bamba mikononi mpaka mistari ilipotimia themanini. Bwana Thirkell akalichukua. Akaweka picha ya rangi mbele ya kioo, kama mafundi wote wafanyavyo, kwa sababu kilicho kulia kwenye shaba hutoka kushoto kwenye karatasi, na fundi asiyetazama kiooni atampeleka mbwa akitazama upande usio wake. Akakwangua siku ishirini. Kisha Jabez akachapa nakala ya kwanza, wakainyanyua karatasi pembe mbili.

Pasha alikuwa pale, hai kabisa, hata unyevu wa pua. Na mgongoni mwake, kutoka kwenye giza, umelala mkono.

Haukuwa na bega wala kiwiko. Ulikuwa mkono wa mwanamke, wa rangi ya majivu, umetulia juu ya manyoya kama mtu anayemtuliza mbwa asibweke. Kidole chake cha mwisho kilipinda kwa ndani.

Bwana Thirkell aliitazama karatasi, halafu akamgeukia Keziah. "Hapa sikugusa. Kikwaruzo changu hakikufika hapa. Umeruka njia, mama."

"Sikuruka."

"Pasipobembezwa panatoka peupe. Wewe mwenyewe unajua. Ulikuwa unasikiliza kikohozi cha binti yako ukasahau mkono wako."

"Njia themanini, bwana. Mistari ipo ukutani, kahesabu. Na nikiruka njia inatoka alama ya mstari. Haitoki na kucha."

Jabez hakufanya mzaha. Alifuta mikono kwenye aproni yake, ingawa ilikuwa imekwisha futwa.

Bwana Thirkell angeamuru pafunikwe siku ile ile, lakini mtumishi wa ikulu alikuwa anasubiri mlangoni kupeleka nakala kwa mwenye mbwa. Ikapelekwa vivyo hivyo, na ule mkono juu yake. Bwana Thirkell alikaa siku mbili bila kula vizuri, akingoja matusi.

Badala ya matusi lilikuja gari la farasi. Akashuka bibi mrefu aliyevaa nguo za msiba, Bibi Ormerod, msimamizi wa nyumba ya yule binti mfalme, na kamba mkononi, na mwisho wa kamba Pasha mwenyewe. Mbwa alikuwa amekonda. Mbavu zilihesabika.

"Ni nani aliyewaambia habari za Lovisa?" aliuliza Bibi Ormerod, hata salamu hakutoa.

"Lovisa gani, bibi?" aliuliza Bwana Thirkell.

"Msichana wetu aliyemtunza Pasha. Alikufa mwezi wa Agosti. Ule ni mkono wake. Mkono wa kulia, kidole cha mwisho kimepinda, alizaliwa nacho hivyo. Mtukufu alipouona alilia mpaka tukamwita daktari. Anataka nakala mia mbili, na mkono usiguswe."

Bwana Thirkell, ambaye siku mbili nzima alikuwa anautukana mkono ule, akakohoa kidogo. "Tulidhani ungempendeza," alisema.

Wakati huo Tirzah alitoka chumba cha mbele, picha zilizopakwa rangi zimejaa mkono wa kulia. Pasha akanyanyua kichwa. Bibi Ormerod alivuta kamba na kusema kwa haraka, "Usimguse, anauma. Tangu msichana afe hakubali mtu. Wawili wameng'atwa." Lakini mbwa alikuwa amekwisha vuka chumba. Akageuka, akasimama ubavuni mwa Tirzah, akasogeza mgongo wake mpaka ukawa chini ya mkono wa kushoto wa binti, ule uliokuwa mtupu. Tirzah akauweka juu yake bila kufikiri. Mbwa akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

Keziah aliona namna Bibi Ormerod alivyotazama, jinsi mwanamke anavyotazama kitambaa alichokitafuta soko zima.

"Unaitwa nani, binti?"

"Tirzah, bibi."

"Ungependa kuja kukaa kwetu? Chumba chako mwenyewe, meko yako mwenyewe. Nyama kila siku. Kazi yako ni huyu tu."

Tirzah alimtazama mama yake, na uso wake ulikuwa umewaka kiasi kwamba Keziah alishindwa kusema pale pale lililomjia mdomoni.

"Nitakuja kumchukua Jumatatu asubuhi," alisema Bibi Ormerod. Ilibidi Jabez ambebe Pasha mpaka garini. Mbwa alilia njia nzima kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Usiku huo mama na binti walibishana juu ya supu ya mbaazi mpaka ikapoa.

"Nyama kila siku, mama. Umesikia? Na hakuna ngazi, hakuna moshi wa makaa. Wewe ndiye unayesema kifua changu hakipendi moshi."

"Msichana aliyekuwa na nyama hiyo yuko wapi?"

"Alikufa. Watu wanakufa. Hata hapa wanakufa, sisi ndio tunajua."

"Alikufa kwa nini?"

"Sikuuliza."

"Mimi ningeuliza."

"Wewe ungeuliza mpaka mbwa azeeke," alisema Tirzah, akalala akitazama ukuta.

Kesho yake Keziah alifanya alichokuwa anakikwepa tangu siku ya kwanza. Wengine wote walikuwa wameutazama mkono kwenye karatasi. Bwana Thirkell alikuwa na msemo wake, kwamba shaba ni njia tu, karatasi ndiyo mwisho wa safari. Lakini Keziah maisha yake yote yalikuwa kwenye shaba. Alilifunua bamba, akaliinamisha kuelekea dirishani mpaka mwanga ukalala juu yake.

Kwenye karatasi ulikuwa mkono wa kulia. Kwenye shaba, bila shaka, ulikuwa wa kushoto. Mkono wa kushoto, kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani.

Tirzah alibanwa mkono wa kushoto na mlango alipokuwa na miaka minne. Keziah ndiye aliyeufunga mlango ule. Kidole hakikunyooka tena. Aliketi. Wao wa ikulu walikuwa wameona maiti yao, na hawakukosea. Na yeye alimwona mtoto wake, na hakukosea. Bamba lilikuwa moja.

Jumapili, Bwana Thirkell na mkewe walipokwenda kanisani, Keziah alishuka na kibembea kidogo, kile cha kurekebishia pembe. Tirzah alikuwa juu akifunga nguo zake. Mpango wa Keziah ulikuwa mwepesi: kuufunika mkono kwa giza. Kazi ya nusu saa kwa mtu aliyeifanya miaka kumi na sita. Kama mkono ndio uliomleta yule bibi, mkono ukiondoka naye hatakuwa na cha kufuata. Yeye mwenyewe atafukuzwa kazi, sawa. Alianza na kidole kilichopinda. Huku na huku, huku na huku. Vitundu vikaota, mng'ao ukafifia, kidole kikaanza kuzama.

"Mama!" Tirzah aliita kutoka juu. "Upo?"

"Nipo. Nini?"

"Hamna. Kidole changu kimekufa ganzi."

Kibembea kikasimama.

"Kipi?"

"Hiki kibovu. Nimekichoma na sindano hata sisikii. Nadhani baridi."

Keziah alijiambia ni baridi. Januari kila mtu vidole vinakufa ganzi. Akakishusha kibembea kwenye kidole cha pili, akakibembeza mara tatu tu, mara tatu za kujaribu, na masikio yake yako juu.

"Mama, na cha pili sasa!" Safari hii sauti haikuwa na mzaha. "Kimekuwa cheupe kama mshumaa. Njoo uone!"

"Usisogee! Kaa karibu na meko, usisogee!"

Alikiweka kibembea sakafuni, mbali, kama kisu kilichokwisha ua mtu. Jasho lilimtoka katika chumba kisicho na moto. Akiendelea, anaufuta mkono wa mwanawe. Akiuacha, Jumatatu gari linakuja. Alikaa akilitazama giza lile alilolitengeneza mwenyewe, njia themanini, na kwa mara ya kwanza akajiuliza alikuwa amelitengenezea nani. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini mzazi anayeujua bado hajaambiwa afanye nini.

Kikwaruzo cha Bwana Thirkell kilikuwa mezani. Hakuwahi kukishika. Kushika kikwaruzo kulikuwa kazi ya mwanamume na ya aliyesomea, na Keziah hakujua kuchora hata jani. Alianza na vile vidole viwili, akakwangua vitundu alivyovitia, taratibu, mpaka shaba ikang'aa tena. Kutoka juu alimsikia Tirzah akisema, "Loo, inawasha, inarudi." Hapo Keziah akalia kidogo, akajifuta kwa bega.

Halafu hakukiweka kikwaruzo chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelishika bamba ukingoni lisiteleze, umekaza, na yeye akautazama: vifundo vinene, ngozi iliyopasuka kwa baridi, kucha fupi. Kuchora hakujua, lakini mkono ule aliujua. Akaanza kukwangua pale giza lilipoanza, nyuma kidogo ya kiganja cha msichana. Akakwangua kidole gumba, akakwangua vidole vinne vinavyozunguka kifundo cha mkono ule mwembamba, vimeukamata, vimekaza. Ilikuwa kazi mbaya. Mkono ulitoka kama mzizi. Lakini ulikuwa umeshika.

Alipopanda juu alimkuta Tirzah ameketi karibu na meko akijisugua.

"Vidole vimepona?"

"Vimepona. Ila sasa kifundo kinanibana, kama nimevaa bangili ya mtu mwenye mkono mdogo."

"Kinauma?"

"Hakiumi," alisema Tirzah. "Kinanibana tu."

Jumatatu asubuhi Jabez alipaka bamba wino kabla hakujapambazuka vizuri, kwa maana Bibi Ormerod alitaka nakala mpya ya kwenda nayo. Alipoinyanyua karatasi akaishusha tena. "Bi Keziah," alinong'ona, "wamekuwa wawili."

Bwana Thirkell alikuja, akaona, uso ukamvimba. "Nani ameshika kikwaruzo changu?"

"Mimi," alisema Keziah.

"Wewe! Wewe mtengeneza weusi! Umeharibu bamba la ikulu kwa... hiki ni nini, mguu wa kuku?"

"Ni mkono wangu, bwana."

Hakupata nafasi ya kuendelea, kwani gari lilikuwa limesimama nje. Bibi Ormerod akaingia na Pasha. Tirzah alikuwa ameshuka, kofia kichwani, furushi mkononi, na mbwa akamwendea moja kwa moja. Yule bibi alinyoosha mkono apewe karatasi, na Bwana Thirkell hakuwa na pa kuificha.

Aliitazama muda mrefu. Rangi ilimtoka usoni polepole, kama maji yanavyoondoka kwenye beseni.

"Nani alikuwepo?" aliuliza.

"Wapi, bibi?"

"Langoni. Siku tulipomchukua Lovisa kwao. Mama yake alikuwa dobi, mikono yake ilikuwa hivi hivi. Alimshika hapa. Hapa hapa." Alijigusa kifundo cha mkono juu ya glavu nyeusi. "Hakusema neno, alishika tu. Mimi ndiye niliyevibandua vidole vyake, kimoja kimoja. Hakuna aliyeona. Gari lilikuwa limefunga njia. Nani amewaambia?"

"Hakuna aliyetuambia," alisema Keziah. "Alikufa kwa nini, bibi?"

Bibi Ormerod alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anaona kuna mtu chumbani. Alitazama uso wake, halafu mikono yake. Aliikunja karatasi mara mbili, akamvuta mbwa. Pasha alikataa. Alijibana kwenye sketi ya Tirzah, kucha zikakwaruza mbao, ikabidi avutwe kwa shingo mpaka mlangoni.

"Bibi, na mimi?" alisema Tirzah. "Niko tayari, bibi."

"Kaa na mama yako," alisema yule bibi, bila kugeuka.

Ikulu haikuleta neno lingine. Bwana Thirkell alilishika bamba mwenyewe, akaifunika mikono yote miwili kwa kibembea mpaka pale pakawa na manyoya na giza tu, akauza picha kwa watu wa kawaida, ikauzika vizuri. Siku nzima ya kazi hiyo Keziah alikuwa akimshika Tirzah mkono kila baada ya dakika chache, lakini ganzi haikurudi. Labda kilichotaka kushika kilikuwa kimekwisha shika. Bwana hakumfukuza. Alisema ni mwanamke mpumbavu, na kwamba hakuna London nzima anayetengeneza giza kama lake.

Tirzah hakusema na mama yake wiki tatu. Siku aliposema, alisema, "Ulininyima."

"Ndiyo," alijibu Keziah. Akamjazia bakuli, na supu ikaliwa.

Mwezi wa Machi Jabez alileta habari kutoka kilabuni kwake. Jumba lile limepata msichana mwingine, binti wa mshona viatu wa ng'ambo ya mto. Mbwa amemkubali, anakula tena. "Wanasema ana miaka kumi na tano," alisema Jabez. "Wazazi wake wamefurahi kama wameokota dhahabu."

"Jina lake nani?" aliuliza Tirzah.

"Usimwambie," alisema Keziah. "Wala mimi usiniambie."

Vuli iliyofuata karakana nyingine ilitoa picha mpya ya Pasha, na duka la picha la pembeni ya barabara kuu likaitundika dirishani. Watu walisimama kuitazama, mama na watoto wao, wakionyesha kwa vidole na kusifu manyoya. Ndiyo ilikuwa njia ya Keziah ya kwenda kununua mkate. Tangu siku hiyo, asije akaona kama kuna mkono, alizunguka kwa nyuma, kupitia mtaa wa wachinjaji wenye matope, mvua inyeshe isinyeshe, na alipoulizwa kwa nini alisema mkate wa huko ni mzito zaidi.